Swali Tulilolifanya Alhamisi

Nilirudisha funguo za maabara ya kompyuta wiki tatu zilizopita, na mpaka leo mkono wangu huenda mfukoni kuzitafuta ikifika saa mbili asubuhi, saa ya kufungua madirisha kabla ya kipindi cha kwanza. Nyinyi mnaobaki pale mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu, hasa kuhusu klabu na yale mashindano, kwa kuwa sasa ni zamu yenu kuwatayarisha watoto. Nitaandika. Kuhusu vyeo na mshahara sitasema kitu. Faili langu lipo ofisini, na mwenye kukosa usingizi anaweza kulisoma.

Nilianza Bisil. Nilitoka upande wa Bungoma na sanduku la bati na koti zito ambalo mjomba wangu alisisitiza nibebe kwa sababu, alisema, Kajiado kuna baridi. Labda alimaanisha Ngong, kule milimani. Bisil nilikutana na jua, vumbi, na mama mmoja langoni mwa shule aliyenisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikamjibu, "Nzuri, asante." Watoto waliokuwa karibu walicheka mpaka kengele ikalia. Mama huyo hakucheka. Alinishika mkono, akanifundisha kujibu "Iko," akarudia salamu yake, akangoja nijibu sawasawa ndipo akaniachilia niingie. Hilo lilikuwa somo la kwanza shuleni pale, na mwanafunzi nilikuwa mimi.

Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Lemayian, mtu mrefu aliyevaa kofia ya sufu hata saa saba mchana. Wiki yangu ya kwanza nilisahihisha daftari la mtoto mmoja wa darasa la nne aliyepata hesabu ngumu ya kugawanya bila kuonyesha njia. Nikaandika kwa wino mwekundu: Umenakili. Lemayian alipitia madaftari yangu, akanirudishia hilo moja.

"Madam, amenakili kwa nani? Darasa zima limekosa."

Nikalifungua daftari tena.

"Muulize alianzia wapi," akasema, akaenda zake.

Nikamwita mtoto, nikamuuliza. Akanieleza, akiangalia miguu yake, kwamba aliwagawa mbuzi kichwani mwake kwenye mazizi, kwanza makundi makubwa, halafu wale waliobaki mmoja mmoja. Njia yake ilikuwa safi kuliko ile niliyoiandika ubaoni. Nililifuta lile neno jekundu kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka. Tangu siku hiyo nimewauliza watoto maelfu swali hilohilo, na nadhani ndilo jambo la pekee nililojifunza ambalo chuo hakikunipa.

Miaka kadhaa baadaye mume wangu alipata kazi upande wa Athi River, nami nikahamishiwa Kitengela. Nitaruka miaka mingi hapa, kwa sababu kufundisha sehemu na desimali mwaka baada ya mwaka kuna utamu wake lakini hakuna hadithi. Hadithi ilikuja kwenye lori: kompyuta kumi na mbili zilizofungwa kwa plastiki. Mwalimu mkuu, Bwana Mutiso, aliuliza ndani ya ofisi ya walimu ni nani anajua kuzitumia. Vijana wote walinyamaza, maana walielewa kwamba anayejua ndiye atakayebeba funguo. Mimi nilikuwa nimevuka hamsini na sikuujua ujanja huo. Nikasema, "Naweza kujifunza." Nilisoma kozi fupi wakati wa likizo, kwa mkufunzi aliyekuwa mdogo kuliko kitinda mimba wangu, ambaye aliniita "mathe", kama vijana wanavyowaita mama zao, mara mbili kabla ya kujirekebisha.

Mashine zile zilikuwa na adui mmoja mkubwa, vumbi la Kitengela. Nilizishonea vifuniko kutoka kwa mapazia ya zamani, na kila Ijumaa nilifungua matumbo yake nikayafagia kwa brashi ya rangi, kavu, ya inchi mbili. Brashi hiyo imeokoa kompyuta nyingi kuliko fundi yeyote aliyewahi kuja na mkoba. Nimewaachia kwenye droo ya kushoto. Tafadhali msiitumie kupaka rangi.

Mwaka wa kwanza wa mashindano naukumbuka kwa aibu na kicheko. Barua ilisema "mashindano ya fikra za kikompyuta kwa wanafunzi." Sisi tulisoma neno moja tu, kompyuta. Kwa wiki tatu niliwafundisha watoto kumi na wanane kupiga chapa haraka bila kuangalia vidole. Siku ilipofika, wakafungua maswali wakakuta picha: shanga za kupangwa kwa masharti, foleni ya watu kisimani, mashine ya kufikirika tu inayogeuka kulia kila ikikutana na ukuta. Hakuna aliyehitaji kuandika hata neno. Mtoto mmoja aliniita kwa sauti ya chini, "Madam, tunapiga wapi?" Nilikuwa sijui. Matokeo yalipokuja, Bwana Mutiso aliyakunja akayaweka chini ya karatasi nyingine na hakuyataja tena, jambo ambalo ninamshukuru.

Ilinibidi nianze upya, na wakati huu nilizifunika kompyuta. Nilikuwa nimeelewa kwamba yale maswali yalipima kitu kimoja: unaweza kulivunja jambo kubwa vipande vidogo, ukavipanga hatua kwa hatua, hata mtu asiyefikiri kabisa akazifuata asikosee? Basi mimi nikawa huyo mtu asiyefikiri. Tulichora miraba ya chaki kwenye uwanja wa paredi ya asubuhi, nikasimama katikati, watoto wakaniandikia maagizo ya kunifikisha langoni. Nilifuata kila neno. Waliposahau kuandika "simama," sikusimama. Niliingia kwenye maua ya mwalimu mkuu nikiwa nimevaa viatu vizuri. Waliangua kicheko, kisha wakanyamaza ghafla, wote wameikodolea macho karatasi yao wakitafuta kosa liko wapi. Kimya hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Ndani ya kundi hilo walikuwamo wawili ambao lazima niwaeleze. Wa kwanza ni Brian, mtoto wa baba mmoja kutoka Siaya aliyefanya kazi ghalani Mombasa Road. Brian alijibu kabla hujamaliza swali, na mara nyingi alikuwa sahihi, na alipokosa alibishana mpaka ukatamani ungekosea wewe. Wa pili ni Naserian, aliyekaa kwa shangazi yake hapo mjini huku wazazi wake wakiwa na mifugo nje ya Bisil. Yeye alikaa dirishani na hakuinua mkono. Wote wawili walikuwa Gredi ya Saba.

Siku moja niliwapa tatizo hili: darasa la watu arobaini na wawili, mmoja hayupo, mtajuaje ni nani bila kuita majina yote? Brian alitaka kutengeneza orodha ya alfabeti. Wengine walitaka namba. Nikamgeukia Naserian, nikamuuliza angefanyaje.

"Baba hahesabu ng'ombe," akasema.

"Kwa nini?" Brian akamdakia. "Atajuaje wote wamefika?"

"Akihesabu atajua tu kwamba mmoja hayuko. Hatajua ni nani." Alizungumza polepole, kama mtu anayechagua pa kukanyaga. "Jioni anasimama kwa mlango wa boma. Anawaangalia kwa familia. Mama huyu na watoto wake, mama yule na watoto wake. Familia ikiwa na nafasi wazi, anajua hapohapo."

Tulijaribu. Tuliwagawa watoto kwa madawati, kila dawati familia, mtoto mmoja akatoka nje kwa siri. Naserian alilitazama darasa, akataja jina kabla sijamaliza kusema "haya." Brian akasema tufanye tena. Tulifanya tena mara nne, na mara ya nne alikuwa yeye anayetaja. Mwaka huo tulifanya vizuri kiasi, watoto sita wakapata vyeti, na Brian akakibandika chake ukutani kwao juu ya televisheni.

Sasa nifike kwenye mwaka wa tatu, ambao ndio sababu hasa ya kukubali kuandika.

Kundi lilikuwa limeiva. Mimi pia nilikuwa nimeiva, kwa namna mbaya. Shule za kibinafsi zilizotuzunguka zilikuwa na mabango makubwa barabarani yenye picha za washindi wao, nami nilikuwa nimeanza kupita kando ya mabango hayo nikiwaza letu lingekaa wapi. Mashindano hufanywa kwa wiki nzima. Kila shule huchagua siku yake ndani ya wiki hiyo, na maswali hayabadiliki. Sisi tulichagua Ijumaa, ili tupate siku nyingi za mazoezi.

Jumatano jioni Mwalimu Dennis, kijana aliyekuwa amejiunga nasi muhula huo na kunisaidia klabuni, alinitumia picha tano kwenye simu. "Madam, maswali ya mazoezi, nimepata kwa beshte yangu." Nilizifungua. Yalikuwa maswali mazuri sana, mapya, yenye michoro safi. Na kila picha ilikuwa imekatwa juu, pale ambapo kwa kawaida huandikwa mwaka na jina la mashindano.

Niliona kwamba imekatwa. Nataka mjue hivyo. Wengine wamenitetea kwa zaidi ya mwaka wakisema Madam Nekesa hakujua. Niliona, na sikuuliza, kwa sababu nilihisi jibu lingenizuia kuyatumia. Alhamisi nikayachora ubaoni yote matano, tukayafanya saa nzima kwa furaha kubwa.

Ijumaa watoto wakakaa mbele ya mashine. Dakika kumi hazikuisha Naserian akainua mkono, yeye ambaye hakuwahi kuuinua.

"Madam, hii swali tulifanya Alhamisi."

Brian, kwenye mashine iliyofuata, akamnong'oneza kwa ukali, "Nase, nyamaza bana!"

"Lakini ni hii," akasema. "Hata rangi ni zile." Hakuwa na sura ya mtu anayeshtaki. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyealikwa mchezoni akakuta umeshachezwa. "Sasa nafikiria nini? Nakumbuka tu."

Nikasema, "Endeleeni. Tutazungumza baadaye." Ndiyo sentensi dhaifu zaidi niliyowahi kuitoa darasani.

Walimaliza. Alama zilikuwa za juu kuliko nilivyowahi kuota. Bwana Mutiso alipita, akaziona, akanipa mkono mara mbili. Mezani kwangu kulikuwa na fomu moja ya kujazwa na msimamizi, yenye mstari unaosema kwamba wanafunzi hawakuyaona maswali kabla ya siku yao, na nafasi ya sahihi chini yake.

Nilimwita Dennis maabara watoto walipotoka.

"Zile picha zilitoka wapi?"

Akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. "Kwa rafiki yangu anayefundisha upande wa Matasia. Shule yao ilifanya Jumanne."

"Alikuambia ni za mwaka huu?"

"Aliniambia tu zitawasaidia." Akaigeuza simu yake mkononi. "Sikumuuliza, Madam."

"Hata mimi sikukuuliza wewe," nikasema. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, tukisikiliza feni za mashine zikipunguza mwendo moja moja.

Niliwaita watoto tena mchana ule, kwa sababu alama zilikuwa zao na sikutaka wasikie habari zao kutoka kwa mtu mwingine. Niliwaambia wazi kwamba maswali matano yalikuwa ya kweli, kwamba nilikuwa na sababu ya kushuku na nikaifumbia macho, na kwamba nitawaandikia waandaaji.

Brian alisimama. "Madam, tumesoma mwaka mzima! Hata bila hayo tungepita."

"Basi tungepita bila hayo," Naserian akasema.

Brian alichukua mkoba wake akatoka bila ruhusa, na sikumzuia.

Bwana Mutiso alinisikiliza ofisini mpaka mwisho. Kisha akavua miwani. "Madam Nekesa, umebakisha mwaka mmoja na kidogo. Unataka kwenda nyumbani na hili?"

"Ni afadhali hili kuliko lile lingine."

"Waajiri wetu wanaweza kukuandikia barua mbaya."

"Wataandika jina langu sawasawa, natumaini. Barua ya uhamisho walilikosea."

Hakucheka. Alisoma nilichoandika, aya tatu tu: yaliyotokea, namba za maswali matano, na kwamba kosa ni langu wala si la wanafunzi. Shule ya Matasia sikuitaja. Dennis alikuwa amempigia rafiki yake mbele yangu akampa mpaka Jumatatu awaandikie waandaaji mwenyewe, naye aliandika. Bwana Mutiso alitoa muhuri wake kwenye droo, akaupiga chini ya sahihi yangu, akanirudishia karatasi. "Umesahau tarehe," akasema. Nimewahi kumlaumu kwa mambo mengi, lakini siku hiyo angeweza kunikatalia ule muhuri, na hakukataa.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, yenye adabu na mafupi. Matokeo yetu ya mwaka ule yasingehesabiwa. Walituomba tushiriki tena mwaka unaofuata.

Jumamosi iliyofuata Baba Brian alikuja shuleni akiwa bado na sare ya ghalani. Nilimkaribisha kiti, hakuketi.

"Mwalimu, mtoto wangu ameiba nini?"

"Hajaiba kitu."

"Basi mbona wamemfutia?"

"Kwa sababu yangu. Nilimpa maswali ambayo sikupaswa kumpa. Yeye hakujua."

"Ametoa kile cheti cha mwaka jana ukutani," akasema. Sauti yake ilikuwa chini kuliko nilivyotegemea, na hilo lilinichoma zaidi. "Cha mwaka jana, ambacho alipata kwa haki yake. Nimemuuliza kwa nini, anasema watu watafikiria ni kimoja."

Nilimwambia pole. Nilimwambia ningesema hayo hayo mbele ya wazazi wote na mbele ya paredi, na nilisema, Jumatatu, nikiwa nimesimama palepale tulipokuwa tukichora miraba ya chaki. Baba Brian alisikiliza akiwa nyuma, akaondoka bila kunipa mkono.

Wale wenzangu wapya mnaoniuliza kesi ngumu ilikuwa ipi, ni hii. Mtoto ambaye hakukosa aliacha kuniamini, na alikuwa na haki. Nilimtumia ujumbe aje klabuni. Akajibu, "Sawa Madam," na hakuja. Nilimtumia tena. "Sawa Madam." Nikaacha. Darasani alijibu maswali ya hesabu akiulizwa, kwa usahihi na bila neno la ziada. Sikujua kama ubishi wa mtoto unaweza kukukosesha raha kwa kutokuwepo kwake.

Klabu ilibaki na watoto tisa. Mwaka mpya ulipoanza, Dennis alisoma kwenye tangazo la waandaaji kwamba shule zinaweza kupendekeza maswali, na mazuri yatatumika. Mimi sikuwa na hamu. Ni yeye aliyesema, "Madam, tuwaache waandike wao wenyewe. Swali walilotunga wenyewe, hakuna mtu anaweza kusema wamelionea mahali." Alikuwa amejifunza kitu, kijana huyo, na alikuwa amekijifunza kwa njia ya gharama kama yangu. Tukaanza.

Kutunga swali ni kazi ngumu kuliko kulijibu. Kwa wiki nne walileta mambo ambayo hata wao hawakuweza kuyatatua. Halafu Naserian akaleta ng'ombe wa baba yake. Mama wanne, kila mmoja na alama yake kwenye paji la uso: duara, nyota, mstari, pembetatu. Kila mama ana ndama wawili, mkubwa na mdogo, wenye alama ya mama yao. Wanafika kwenye mlango wa boma wamechanganyika, na mmoja hayupo. Ni nani? Alichora kundi zima ubaoni kwa chaki za rangi, ng'ombe kumi na mmoja, kila mmoja na alama yake. Tukaliacha pale likauke, kama Dennis alivyosema, ingawa chaki haikauki.

Kesho yake Gredi ya Tisa walikuwa na kipindi cha kawaida maabara. Brian aliingia, akaketi, akauona ubao. Nilikuwa nikizungukia mashine na brashi yangu. Nilimwona akihesabu kwa macho, kisha akiacha kuhesabu na kuanza kupanga familia. Dakika mbili hivi. Halafu akasema, si kwangu, alisema hewani:

"Hii iko na majibu mawili."

Naserian akageuka kwenye kiti chake. "Haina."

"Iko nayo. Anayekosekana ni wa nyota, sawa. Lakini huyu ndama wa nyota aliyebaki, ni mkubwa ama ni mdogo? Umewachora wote kimo kimoja. Siwezi jua nani amepotea."

"Si unaona huyu ni mdogo?"

"Wewe unaona kwa vile ni wa kwenu. Mimi sijawahi kuwaona."

Naserian aliutazama ubao kwa muda mrefu. Darasa zima lilikuwa likiwatazama wao. "Basi nifanyeje?" akauliza.

Brian alisita. Akanitazama mara moja, haraka, kisha akainuka, akachukua chaki nyeupe, na kuwachorea ndama wakubwa pembe fupi, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwa yule wa nyota akasimama, akamgeukia Naserian. "Huyu aliyebaki ni mkubwa ama mdogo?"

"Mdogo. Mkubwa ndiye hupotea. Anajua njia, ndiyo maana anajaribu kwenda peke yake."

"Basi huyu hana pembe," Brian akasema, akapangusa mikono kwenye suruali. Nilijifanya nina kazi nyingi ndani ya mashine namba saba. Jumanne alikuja klabuni dakika tano baada ya wengine, akaketi mwisho. Hakusema kitu kuhusu mwaka uliopita, nami sikumlazimisha. Kufikia Ijumaa alikuwa anabishana tena.

Tulituma swali hilo kwa majina ya watoto kumi. Baada ya miezi miwili jibu likaja: limekubaliwa, litatumika mwaka huohuo kwenye kundi la wadogo, Gredi ya Tano na ya Sita, na waliolitunga wanaombwa wasilionyeshe wala kulitaja kwa mtu yeyote mpaka wiki ya mashindano iishe. Niliwasomea barua hiyo kwa sauti. Nilipofika kwenye sentensi ya mwisho sikuinua macho, nikaisoma mara moja, nikaikunja.

"Hata kwa mzazi?" mmoja akauliza.

"Hata kwa mzazi."

"Mimi niko na ndugu mdogo Gredi ya Tano," Brian akasema. "Analala kitanda cha chini yangu."

"Basi ulale haraka," Naserian akamwambia.

Miezi hiyo ilipita. Wakubwa walifanya mashindano yao Jumatatu, kwa utulivu, na wakafanya vyema. Brian na Naserian walikuwa miongoni mwa wale walioalikwa raundi iliyofuata. Safari hiyo cheti kilipokuja, Baba Brian alikifuata mwenyewe shuleni, akaniuliza kama gundi ya ukutani iliyo bora ni ya karatasi au ya mpira. Nikamwambia atumie misumari. Akanipa mkono.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni Jumatano ya wiki ile, siku ya wadogo. Mashine tisa zilikuwa zikifanya kazi, kwa hiyo waliingia kwa makundi mawili, na niliwaomba wakubwa wasaidie kusimamia foleni nje, kando ya tangi la maji. Kundi la kwanza lilipotoka, kundi la pili lilikuwa bado limesimama pale likingoja. Nilikuwa mlangoni. Kasichana kamoja ka Gredi ya Tano, Purity, kalitoka kamefura mashavu, kakaenda moja kwa moja kwa Naserian na Brian.

"Swali la ng'ombe lilikuwa gumu!" kakasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Nani alitunga hilo? Nimefikiria mpaka kichwa kikauma. Nikaona lazima ni yule wa—"

Brian aliruka akamziba mdomo kwa kiganja, kwa upole, huku mkono mwingine ukielekeza kwa wale waliokuwa foleni. Ndugu yake mdogo alikuwa wa tatu pale, masikio yamesimama.

"Usiseme," Naserian akamwambia, akainama mpaka nyuso zao zikalingana. "Hawa bado hawajaingia."

Purity akatikisa kichwa kukubali, nyuma ya kile kiganja. Brian alipokiondoa, Purity akauliza kwa mnong'ono, "Lakini nimepata ama nimekosa?"

Wakatazamana, wale wawili. Niliona jinsi walivyotamani kumwambia.

"Wiki ijayo," Brian akasema. "Njoo wiki ijayo, utueleze ulivyofikiria, mwanzo mpaka mwisho. Tutakusikiliza wote."

Nikaliita kundi la pili, nalo likaingia.